Mwanangu, badili mkono wa breki kabla ya Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Picha za pikipiki zimefika jana jioni, na mama yako amekwisha kuwaonyesha majirani ile ya tangi la alumini. Mimi nimebaki na picha ya nne, uliyopiga gurudumu la mbele. Nimeivuta mpaka ikawa ukungu. Mkono unaoshika sahani ya breki, ile inayobeba brekishu, umeuunda kwa alumini, halafu ukautoboa matundu saba. Nakuomba uubadili kabla hujaanza safari ya London.

Kazi yenyewe ni safi, sikatai. Kuingiza injini ya Triumph ya 650 kwenye fremu ya Norton na cheni ikanyooka, bamba za injini ukizikata mwenyewe, kuna mafundi wazee waliojaribu wakaacha. Ulipopasua krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na kusafisha lile bomba la ndani linalokusanya matope ya oili, nilimwambia mama yako huyu ameiva. Wengi hupaka rangi na kung'arisha ekzosi, bomba lile wakaliacha limeziba, oili isifike kwenye beringi za konrodi. Injini inakufa ingali inameremeta. Wewe ulihangaika na kitu ambacho hakuna atakayekiona. Sasa mtu wa namna hiyo anatoboaje mkono wa breki?

Fikiri kinachotokea unapokamata breki ya mbele. Brekishu zinabana dramu, dramu inataka kuizungusha sahani pamoja na gurudumu, na kinachoizuia ni mkono ule peke yake na bolti zake mbili. Ukikatika, sahani inazunguka, inaivuta kebo na kuiviringisha, gurudumu linajifunga papo hapo. Hata muda wa kuachia huna. Na alumini haikuonyi. Ufa unaanzia kwenye ukingo wa tundu, unakua kidogo kidogo kila ukifunga breki, na wewe unaona rangi tu. Tengeneza wa chuma, usiutoboe, bolti uzifunge kwa waya zisilegee. Na ziwe bolti za uzi unaolingana na tundu. Tundu la kipimo cha Kiingereza ukilisukumia bolti ya milimita itaingia na utahisi imekaza, kumbe imeshika nyuzi mbili.

Najua utasema matundu uliyaona kwangu. Ni kweli, mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila gramu unayoipunguza ni mwendo. Nilikuwa kijana, nilitoboa kila kilichotoboka. Siku ile ya mama yako unaijua, sina haja ya kuirudia. Yeye mpaka leo husimulia kwamba ni mvua ilituangusha. Barabara ilikuwa kavu, mwanangu. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe, ila sijapata siku.

Badili mkono ule.

Jambo jingine ni miguu. Umezoea gia kushoto, na hii gia yake iko kulia na breki ya nyuma kushoto. Ukiwa umetulia huwezi kukosea. Utakosea gari litakapotokea ghafla mbele yako, kwa maana mguu huwa na kumbukumbu zake. Zunguka uwanjani siku tatu kwanza, ufunge breki mara mia, ndipo utoke barabarani. Usukani umeushusha chini mno kwa maoni yangu, mikono itakufa ganzi kabla hujafika nusu ya njia, lakini hilo ni lako. Wala usiende kutafuta zile maili 100 kwa saa kwa sababu vijana wa miaka ya sitini walizitafuta. Fremu ile ndugu wawili wa McCandless waliibuni kwa mashindano na inasamehe makosa mengi ya kona. Breki iliyokatika haiwezi kuisamehe.

Usiniambie wenzako watakuwa wanakusubiri Ace Cafe kule London. Mgahawa ule ulifungwa mwaka 1969, ukafunguliwa tena 2001, na watu waliusubiri miaka yote hiyo. Wao watakusubiri wiki mbili.

Koti langu la ngozi mama yako amelipaka mafuta na atalituma pamoja na blanketi, ingawa nimemwambia blanketi unazo. Zipu ya mkono wa kushoto inakwama, ivute taratibu. Paa la stoo limeanza kuvuja tena pembeni, pale ulipoliziba, kwa hiyo masanduku yako nimeyahamishia chumbani kwa dada yako naye amenuna. Lile la kijani lina spana za Whitworth, za bolti za kipimo cha zamani cha Kiingereza. Moja haipo, nadhani dada yako alifungia baiskeli akaiacha nje. Nikiipata nitaitumbukiza kwenye mfuko wa koti.

Kipande cha chuma usikipate kwenye vyuma chakavu. Mimi nilichukua bolti kwenye vyuma chakavu. Nunua kipya, gharama nitakurudishia mwisho wa mwezi. Ukishaufunga nipigie picha, na safari hii upige na upande wa nyuma, nizione nati.

Baba yako