Barua ya malalamiko: boksi la vitamini lisilomtosha aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uagizaji na Usambazaji wa Virutubisho,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOKSI LA VITAMINI MNALOWAUZIA WALIOFANYIWA UPASUAJI WA KUPUNGUZA UZITO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wataalamu wa lishe na wafamasia tunaowafuatilia watu waliopunguzwa tumbo, wakiwemo wale waliofanyiwa upasuaji India na Uturuki kisha wakarudi nyumbani na karatasi ya maelekezo tu mkononi. Tunalalamikia boksi lenu la matumizi ya mwezi mmoja. Ndani yake mna pipi laini za vitamini, kidonge cha kalsiamu kilichochanganywa na madini ya chuma, na kapsuli ya nywele. Juu ya boksi mmeandika kwamba limetengenezwa mahususi kwa waliofanyiwa upasuaji na kwamba mtumiaji hahitaji kitu kingine. Maelekezo ya ndani yanasema vyote vitatu vinywewe kwa pamoja asubuhi, baada ya chai.

Tumesoma lebo zote tatu mstari kwa mstari. Mtu mwenye tumbo zima anaweza kulitumia boksi hili kwa muda mfupi bila kuona dhara kubwa. Kwa mtu mliyemtaja juu ya boksi, ni hatari.

Kumbukeni kwanza upasuaji unafanya nini. Anayekatwa mfuko wa tumbo na kubakiziwa mrija mwembamba huondolewa takribani robo tatu ya tumbo au zaidi, na sehemu inayoondoka ndiyo yenye seli nyingi zinazotoa asidi pamoja na protini inayobeba vitamini B12. Anayefanyiwa baipasi, yaani kifuko kidogo cha tumbo kuunganishwa moja kwa moja na utumbo wa mbele zaidi, hubaki na kifuko cha takribani mililita 30, na chakula chake hakipiti tena kwenye duodeni na mwanzo wa jejuni, sehemu za kwanza za utumbo mwembamba, mahali ambapo chuma hufyonzwa zaidi. Wengi pia hupewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa miezi kadhaa, nayo hupunguza hata asidi kidogo iliyobaki. Kwa hiyo asilimia mnazoandika kwenye lebo, zilizokokotolewa kwa mtu mzima asiye na tatizo, hazimhusu mgonjwa huyu. Akisoma "asilimia 100" huamini ametimiza, kumbe yuko mbali.

Tunaanza na thiamini, yaani vitamini B1, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuharibika ndani ya wiki chache. Mbele ya chupa ya pipi laini mmeandika "vitamini B zote". Ziko nane. Nyuma ya chupa tumezikuta nne: B6, asidi ya foliki, B12 na biotini. Thiamini haimo kabisa. Akiba ya thiamini mwilini hutosha takribani wiki mbili hadi tatu, na miezi ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo miezi ya kutapika na kula vijiko vichache. Mwongozo wa lishe wa chama cha wapasuaji wa unene cha Marekani, ASMBS, unataka angalau miligramu 12 kwa siku, na ikiwezekana 50 au zaidi kwa aliye kwenye hatari. Mgonjwa anayetapika akitegemea pipi zenu hapati hata moja. Dalili zikianza huwa ni kuona vitu viwili viwili, macho kuchezacheza, kuyumba anapotembea, na kuchanganyikiwa. Hapo ndugu humkimbiza zahanati, na kitu cha kwanza anachotundikiwa mtu aliyeishiwa nguvu kwa kutapika huwa ni dripu ya glukosi. Glukosi ikiingia kabla ya thiamini huimaliza ile kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Thiamini inapaswa kuingia kwa mshipa kwanza. Hakuna neno lolote kuhusu jambo hili katika karatasi yenu, wala onyo kwamba anayetapika kwa siku kadhaa awahi hospitali na aseme wazi kuwa alifanyiwa upasuaji wa tumbo.

Vitamini B12 mmeweka maikrogramu 6 na kuitangaza kuwa "asilimia 250". Tukokotoe pamoja. Bila ile protini ya tumboni, mwili hufyonza takribani asilimia 1 tu ya B12 inayomezwa. Asilimia 1 ya 6 ni maikrogramu 0.06, na mahitaji ya mtu mzima ni 2.4. Ndiyo sababu mwongozo unasema 350 hadi 1,000 kwa siku kwa mdomo, au sindano ya 1,000 kila mwezi. Ini huhifadhi B12 kwa muda mrefu, hivyo upungufu huchelewa kuonekana, na asidi ya foliki mliyoweka inaweza kufanya kipimo cha damu kionekane kizuri wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Ganzi ya miguu huja baadaye, na nyingine haiponi.

Kidonge chenu cha pili kina makosa manne ndani ya kidonge kimoja, na tunaomba mtaalamu wenu akiangalie kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika boksi.

Kwanza, mmetumia kalsiamu kaboneti. Aina hii inahitaji asidi ili iyeyuke, na mteja wenu ndiye mtu aliyepunguziwa asidi. Kalsiamu sitreti haihitaji asidi na inaweza kunywewa pamoja na chakula au bila chakula.

Pili, mmeandika "kalsiamu kaboneti miligramu 500" kana kwamba ni miligramu 500 za kalsiamu. Kaboneti ni asilimia 40 tu kalsiamu, kwa hiyo kidonge kina 200. Lengo baada ya kukatwa tumbo au baipasi ni 1,200 hadi 1,500 kwa siku, chakula na vidonge vikihesabiwa pamoja. Hata mtu anayekula dagaa wazima na kunywa maziwa kila siku hawezi kuziba pengo hilo kwa kidonge kimoja. Na hata mkihamia sitreti tatizo la lebo litabaki msipobadilisha maandishi, kwa sababu sitreti ni asilimia 21 tu: miligramu 1,000 za sitreti ni 210 za kalsiamu. Andikeni kiasi cha kalsiamu yenyewe.

Tatu, mmechanganya kalsiamu na chuma. Viwili hivi hugombania kufyonzwa, na ushauri wa kawaida ni kuvitenganisha kwa angalau saa mbili. Mgonjwa hawezi kuvitenganisha mkimpa vikiwa kidonge kimoja. Juu ya hapo mnamwambia anywe baada ya chai, na chai, ya rangi au ya maziwa, ina tanini zinazoshika chuma kisifyonzwe.

Nne, chuma chenyewe. Lebo inasema "feras fumareti miligramu 14" bila kueleza kama hizo ni uzito wa chumvi nzima au wa chuma halisi. Kama ni wa chumvi, chuma halisi hakifiki miligramu 5. Mwanamke anayepata hedhi, pamoja na yeyote aliyekatwa tumbo au kufanyiwa baipasi, anahitaji 45 hadi 60 za chuma halisi kwa siku. Kwa kulinganisha, kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina takribani 65, na bei yake katika duka la dawa ni sehemu ndogo sana ya bei ya boksi lenu. Huku kwetu wanawake wengi wanaingia chumba cha upasuaji damu ikiwa tayari imepungua kwa malaria, minyoo au hedhi nzito. Hao ndio wanaolipa gharama ya lebo isiyosema wazi.

Tumeoneshwa pia majibu ya huduma kwa wateja wenu kwenye WhatsApp, yanayosema mteja akapime kalsiamu ya damu na ikiwa sawa aendelee na boksi. Ushauri huo ni wa makosa. Kalsiamu ikipungua, tezi za parathiroidi, tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, huichota kutoka kwenye mifupa ili damu ibaki sawa, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonekana kizuri huku mifupa inaliwa. Vipimo vinavyoeleza ukweli ni homoni ya parathiroidi na vitamini D. Hiyo vitamini D yenyewe mmeweka yuniti 400, yaani maikrogramu 10, wakati mahali pa kuanzia ni yuniti 3,000, yaani maikrogramu 75.

Kapsuli ya nywele inatutia wasiwasi wa aina nyingine, maana hapa mmezidisha. Nywele kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida baada ya upasuaji na kupungua uzito haraka, na mara nyingi huota tena zenyewe protini, chuma na zinki zikitosha. Kapsuli yenu ina zinki miligramu 50, juu ya kikomo cha 40 kwa mtu mzima, na haina shaba hata kidogo. Zinki nyingi huufanya ukuta wa utumbo utengeneze protini inayoikamata shaba, kisha shaba hutoka na choo. Baada ya miezi kadhaa mtu hupungukiwa damu isiyoinuka kwa vidonge vya chuma, miguu hufa ganzi na mwendo huyumba, dalili zinazofanana mno na za upungufu wa B12, kiasi kwamba anaweza kutibiwa kitu kingine. Uwiano unaokubalika ni miligramu 8 hadi 15 za zinki kwa kila miligramu 1 ya shaba. Aliyefanyiwa baipasi anahitaji miligramu 2 za shaba kwa siku, na aliyekatwa tumbo 1.

Biotini nayo, pipi na kapsuli zikijumlishwa, ni maikrogramu 10,000, wakati mahitaji ni takribani 30. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo (thairoidi) na troponini, kile kinachotumika kumtambua mwenye shambulio la moyo. Mteja wenu hupimwa damu mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Mnapaswa kumwambia aiache biotini siku mbili hadi tatu kabla ya kutoa damu na amjulishe daktari. Hamjamwambia.

Kuhusu sukari gramu 4 katika pipi, itoshe kusema kwamba mtu wa baipasi hana sababu ya kuanza siku na pipi. Na vitamini A: lebo haisemi kama ni retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, au beta-karotini, ile ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Uwezo wa kushika mimba hurudi haraka baada ya kupungua uzito, na retinoli nyingi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Andikeni ni ipi.

Kwa msingi huo tunadai yafuatayo.

Ondoeni mara moja maneno "mahususi kwa waliofanyiwa upasuaji" na "huhitaji kitu kingine" kwenye boksi, kwenye kurasa zenu za mitandao na kwa mawakala. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maneno hayo yanampotosha. Rudisheni fedha kwa kila anayerejesha boksi, hata likiwa limefunguliwa, kwa sababu kosa halikuonekana mpaka lilipofunguliwa. Kapsuli ya zinki isiuzwe tena katika muundo ulio sasa.

Namba za wateja mnazo, kwa kuwa mnauza kwa simu. Watumieni ujumbe, na ili msichelewe tunapendekeza maneno haya:

"Boksi ulilonunua kwetu halitoshelezi mahitaji ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Acha kapsuli ya nywele. Usikae bila vitamini: muone mtaalamu wa lishe, mfamasia au daktari wiki hii upate multivitamini ya kutafuna au kumeza yenye thiamini, chuma, zinki na shaba, pamoja na kalsiamu sitreti pembeni. Mfano wa mpangilio: multivitamini yenye chuma saa 2 asubuhi na chakula, bila chai, chai baada ya saa moja au zaidi, kalsiamu isiyozidi miligramu 600 kwa mara moja, saa 5 asubuhi na saa 10 jioni. Ukitumia dawa ya tezi ya shingo, itenganishe na chuma na kalsiamu kwa saa nne. Ukitapika siku mbili mfululizo, ukiona vitu viwili viwili au ukiyumba, nenda hospitali leo, sema ulifanyiwa upasuaji wa tumbo, na uombe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi."

Mkiamua kutengeneza boksi jipya, tuko tayari kuisoma lebo kabla haijachapwa, bila malipo. Ila fomu ya pipi laini muiache: hata ikiongezwa vitamini, ladha ya chuma na harufu ya thiamini ndizo huwafanya watengenezaji kuviacha nje, na mgonjwa huyu hapaswi kukosa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja tarehe ambayo ujumbe kwa wateja ulitumwa na idadi ya waliotumiwa. Lisipofika, tutapeleka malalamiko rasmi pamoja na picha za lebo zote tatu na za mazungumzo ya WhatsApp kwa taasisi zilizotajwa hapa chini, ambazo kwa sasa zinapata nakala kwa taarifa.

Wenu,

Wataalamu wa lishe na wafamasia,
Kliniki ya ufuatiliaji baada ya upasuaji wa kupunguza uzito.

Nakala:
Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Tume ya Ushindani (FCC)

Viambatisho: picha za lebo tatu, karatasi ya maelekezo ya ndani ya boksi, picha za mazungumzo na huduma kwa wateja.