Unjano wa mwenye selimundu tusiuzoee kupita kiasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wazazi wenzangu wenye watoto wa selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na wauguzi wanaotupokea.

Binti yangu ana miaka 15. Macho yake yana unjano tangu utotoni, tumeyazoea. Mwaka jana alishikwa na homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia. Zahanati wakampima malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Nilipotaja kwamba macho yamezidi, nikajibiwa, "Mama, si ana sikoseli? Hiyo kawaida yake." Nikaridhika, na hilo linaniuma mpaka leo. Usiku wa tatu akaanza kuweweseka, mikono ikawa ya baridi.

Hospitalini daktari wa zamu aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: choo chake kina rangi gani? Nikakumbuka mtoto mwenyewe alishaniambia kimekuwa cheupe kama majivu, na mkojo kama chai ya rangi iliyokolea. Ultrasaundi ikaonyesha kijiwe kimenasa kwenye mrija wa nyongo na mrija umetanuka.

Nilivyoelezwa ni hivi. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Za mwenye selimundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Mabaki yake ndiyo rangi ile ya njano. Ini huyatupa kwenye nyongo, na yakizidi hugandamana yakawa vijiwe vyeusi. Kwa hiyo hata mtoto mwembamba asiyejua vyakula vya mafuta hupata vijiwe. Kijiwe kikitoka kwenye kifuko cha nyongo na kuziba mrija, nyongo hutuama, na bakteria wa utumbo, hasa E. coli na Klebsiella, huzaana humo. Nyongo iliyobanwa huwasukuma mpaka kwenye damu. Hapo ugonjwa umeshakuwa wa mwili mzima: presha hushuka, figo hushindwa, mgonjwa huchanganyikiwa.

Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa, alizieleza dalili tatu za maambukizi haya mwaka 1877: homa ya kutetemeka, unjano, na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia. Si kila mgonjwa huja nazo zote. Ila kwa watoto wetu hata zikija zote, kila moja inakuta jina linaisubiri: homa ni malaria, unjano ni sikoseli, maumivu ni maumivu yale yale ya sikoseli. Zikishagawanywa hivyo, hakuna anayeziangalia kwa pamoja.

Tena dawa za kuua bakteria, hata za mshipani, mara nyingi hazitoshi mrija ukiwa umeziba. Lazima nyongo ifunguliwe njia. Binti yangu alipelekwa hospitali ya rufaa, akapitishiwa mdomoni mpira wenye kamera hadi mwanzo wa utumbo, mdomo wa mrija ukapanuliwa na kijiwe kikavutwa. Baada ya miezi miwili kifuko chenyewe kikaondolewa kwa upasuaji. Amerudi shule.

Ninachoomba kwa kliniki za selimundu ni ultrasaundi ya tumbo kwa watoto wanaokaribia ujana, hasa wanaolalamika tumbo, ili vijiwe vijulikane kabla havijaziba. Kwa wauguzi ni lile swali la choo, ambalo halina gharama. Unjano wa kila siku wa sikoseli haukifanyi choo kuwa cheupe. Mrija ukiziba ndipo rangi inapopotea. Na mzazi mwenzangu, ukiona homa ya kutetemeka pamoja na macho yaliyozidi njano, usilale naye nyumbani ukisubiri dawa ya malaria ifanye kazi.

Mzazi,
Morogoro