Kufungua kampuni ni rahisi, kuifunga ndiyo kazi

Kwa Mhariri,

Naendesha saiba, duka la huduma za kompyuta na intaneti, hapa Kariobangi South. Kazi inayonilisha siku hizi si kuchapa barua wala kutoa kopi, ni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Watu huja na kitambulisho, PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato, na jina la biashara waliloliwaza usiku kucha, tunaketi mbele ya kompyuta tunaanza. Naandika kwa sababu kila yanapozungumzwa mazingira ya biashara nchini, wanaosikika ni mawakili, mabenki na mawaziri. Sisi tunaowajazia fomu wauza samaki na mafundi wa vyuma hatuulizwi, na kuna jambo tunaloliona ambalo wao hawalioni.

Usajili umerahisishwa, na anayesema vinginevyo hasemi kweli. Aliyewahi kutafuta cheti Sheria House, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, enzi za makaratasi anajua ilivyokuwa: unaacha biashara yako unapanda matatu hadi mjini, unapanga foleni Harambee Avenue, unaambiwa jina bado linatafutwa, rudi. Nje kulikuwa na watu wa kukupitishia mlango wa pembeni kwa malipo yao. Kampuni ndogo kabisa ilihitaji wenye hisa wawili, hata kama huyo wa pili ni shemeji yako asiyejua kinachoendelea. Sheria ya Kampuni ya 2015 ikamruhusu mtu mmoja kuwa na kampuni peke yake, na ikaziondolea kampuni zenye mtaji uliolipwa chini ya shilingi milioni 5 lazima ya kuwa na katibu wa kampuni. Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyounda Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Leo jina la biashara linasajiliwa kwa takriban shilingi 1,000. Mteja hutaja majina kadhaa, maana la kwanza mara nyingi lina mwenyewe, analipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya malipo ya serikali, 222222, na jina likikubaliwa cheti kinashuka kwenye kompyuta, nami nachapa. Mama mmoja muuza omena alikishika chake kwa ncha za vidole akaniomba nikilaminishe kabla hajatoka nacho mlangoni, mkono wake usije ukakitia mafuta.

Cheti kile si urembo wa ukutani. Kuna fundi wa kuchomelea pale Light Industries ambaye kwa muda mrefu alitengeneza madirisha na milango ya vyuma, dalali akaja, akanunua, akawauzia wajenzi kwa bei yake. Fundi alijua bei ile, lakini mjenzi hangeweza kununua kwake moja kwa moja. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi na KRA mjenzi anapokokotoa ushuru wake, kwa hivyo makampuni mengi yaliwaepuka mafundi wasio na stakabadhi. Tukamsajilia jina la biashara, tukamwekea eTIMS kwenye simu, akaanza kutoa ankara mwenyewe. Sasa dalali hayupo katikati. Fundi ameajiri vijana wa mtaani, wanakula mchana kwa mama mwenye kibanda aliye mkabala, na vyuma anavinunua kwa duka la hapahapa badala ya kupewa na dalali. Pesa iliyokuwa ikienda kwingine inazunguka Kariobangi. Ukitaka kujua usajili rahisi unaufanyia nini uchumi wa mtaa, njoo usimame hapo saa saba mchana.

Ndiyo maana nasikitika kwamba kazi hii nzuri imeishia mlangoni.

Tulishangilia sana Kenya ilipopanda kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya urahisi wa kufanya biashara, kutoka nafasi ya 136 katika ripoti ya 2015 hadi ya 56 katika ya 2020. Ripoti yenyewe ilisitishwa 2021. Lakini hata ilipokuwepo, kipimo chake cha usajili kiliangalia kampuni ya dhima yenye ukomo katika jiji kubwa la kibiashara. Kibanda cha mama omena hakikuwemo. Na kilihesabu hatua, siku na gharama za kuanzisha. Serikali ikarahisisha kilichopimwa. Kinachokuja baada ya cheti kikabaki vilevile.

Wacha nieleze kwa kisa cha vijana watatu kutoka Dandora. Walisikia habari za AGPO, ule mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mtu akawaambia bila kampuni hawatapata kitu. Hilo si kweli: mwenye jina la biashara pia anaweza kuomba, na ubia pia, mradi angalau asilimia 70 ya wenyewe wawe wa makundi hayo na uongozi wote uwe wao. Wakachanga zaidi ya shilingi 10,000 wakasajili kampuni mwaka 2019. Zabuni haikupatikana, Korona ikaingia, mmoja akarudi kwao Siaya, wakaiacha. Kwa akili yao kampuni ilikufa.

Kampuni haifi hivyo. Kila mwaka ilitakiwa kufaili ritani ya ushuru, yaani taarifa ya mapato yake, hata kama haijapata senti, na adhabu ya kampuni kwa kuchelewa si chini ya shilingi 20,000. Mtu binafsi ni 2,000. BRS nayo ilitaka ritani yake ya kila mwaka, pamoja na taarifa za wamiliki halisi, takwa lililoanza 2020. Mmoja wao alipokuja kwangu akitaka kuanzisha biashara yake ya kuosha magari, tulifungua iTax, akaunti ya ushuru ya mtandaoni ya KRA, ya ile kampuni. Adhabu zilikuwa zimepangana mstari chini ya mstari, mwaka hadi mwaka, kwa kampuni ambayo haikuwahi kuuza hata kalamu. Kijana alisoma kimya, akaniuliza kama watamfuata nyumbani.

Ni kweli serikali ilitoa msamaha wa adhabu na riba, ukafikia madeni ya hadi mwisho wa 2023, na uliwaokoa wengi. Lakini uliisha Juni 30, 2025, na kampuni iliyosalia kwenye sajili inaendelea kudaiwa ritani kama kawaida. Kuifuta kunahitaji wakurugenzi waombe, tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali, muda wa pingamizi wa miezi mitatu upite. PIN ya kampuni haijifuti yenyewe, inaombewa kando huko KRA. Mkurugenzi mmoja yuko Siaya, mwingine hashiki simu. Yule kijana aliamua kuosha magari bila karatasi yoyote. Tulimpoteza, naye ni mtu aliyejisajili kwa hiari yake akiwa na miaka ishirini na kitu. Anawaambia wenzake kwamba kusajili ni kujitafutia matatizo, na wanamwamini kuliko tangazo lolote la redioni.

Tusidhani hawa ni wachache. Utafiti wa biashara ndogo uliofanywa na shirika la takwimu, KNBS, mwaka 2016 ulipata biashara zenye leseni milioni 1.56, zisizo na leseni milioni 5.85. Utafiti huohuo ulisema biashara milioni 2.2 zilifungwa katika miaka mitano. Biashara ndogo hufa, ni kawaida yake, na mwenyewe huanzisha nyingine. Sheria iliyoandikwa kana kwamba biashara huzaliwa tu haijawahi kukutana na Nairobi.

Wapo wanaosema dawa ni kupunguza ada zaidi, au usajili uwe bure. Siamini hiyo inatosha. Malawi walijaribu: wachumi waliwasaidia wafanyabiashara wadogo kujisajili bila malipo, wakakubali kwa wingi, lakini cheti peke yake hakikubadilisha biashara zao. Mabadiliko yalionekana kwa wale waliopewa cheti pamoja na kikao cha benki na kufunguliwa akaunti ya biashara. Hao mauzo na faida zao zilipanda. Nami naona vivyo hivyo kwa fundi wangu wa vyuma: kilichomwinua ni mlango ambao cheti kilifungua, na mtu wa kumwonyesha mlango uko wapi.

Kaunti ya Nairobi nayo mwaka 2023 iliunganisha leseni ya biashara, ya zimamoto, ya afya na ya matangazo kuwa kibali kimoja. Ni hatua njema. Inaonyesha ofisi zikitaka kuunganisha kazi, huweza.

Basi BRS na KRA waunganishe kufunga kama walivyounganisha kufungua. Mtu anaposajili kampuni leo anapata PIN yake bila kwenda ofisi nyingine. Iwepo fomu moja ya kuiaga, ifike pande zote mbili. Iwepo pia njia ya kutangaza kwamba kampuni imelala, ili ritani zisimame mpaka iamke. Kabla mtu hajalipa zile elfu kumi, ukurasa umwonyeshe kwa Kiswahili chepesi atakachodaiwa kila mwaka, na umuulize kama jina la biashara halimtoshi. Mimi huwauliza wateja wangu hivyo, na wengi hubadili nia papo hapo.

Na wabunge wetu, Mswada wa Fedha ukija tena mbele yenu, itazameni hiyo adhabu ya 20,000. Kampuni ambayo haikuingiza chochote ilipishwe kama mtu binafsi, shilingi 2,000. Vijana watalipa, nami nitawafailia siku hiyohiyo.

Mwenye saiba,
Kariobangi South, Nairobi