Malalamiko: Samaki Wakali Mlioniuzia, na Nilivyodhalilishwa Kwenye Kaunta Yenu

Kwa Meneja,
Duka la Samaki wa Mapambo,
Kisumu.

Bwana Meneja,

KUH: KUUZIWA MBUNA WAKALI KWA JINA LA WAPOLE, NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Naandika kwa heshima, ingawa kuishika heshima hiyo kunanigharimu.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani. Wale samaki sita wa manjano wenye milia myeusi mlioniuzia kama "mbuna wapole, majike watupu" ni Melanochromis auratus, aina mojawapo ya mbuna, yaani samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Malawi, na wafugaji wanawajua kwa ukali wao. Wakiwa wachanga, madume na majike hufanana, wote manjano. Mhudumu wenu alipata wapi uhakika kwamba ni majike? Mmoja sasa amegeuka mweusi, milia yake imepauka. Ndiye dume, na amelitwaa tangi langu lote la lita 120.

Kabla sijatoa hata shilingi nilimwambia mhudumu kwamba nina fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikamuuliza kama wataelewana. Akanijibu, "Hao wote ni ndugu, hawapigani." Bwana Meneja, mtu anayeuza samaki Kisumu anajua kwamba aina nyingi za fulu zilitoweka Ziwa Victoria mbuta (sangara), samaki wakubwa wanaokula wenzao, walipozidi miaka ya 1980. Wangu niliwapata kwa mvuvi wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu, nikawalea hadi jike mmoja akaanza kubeba mayai mdomoni. Huyo ndiye aliyekufa kwanza. Jike anayeatamia hali chakula, hana nguvu za kumkimbia mtu. Nilimkuta amejibana nyuma ya hita, karibu na uso wa maji, mapezi yametafunwa hadi shinani, mdomo mtupu.

Nikamtia kwenye mfuko wa plastiki, nikaja kwenu. Mhudumu aliuinua mfuko juu wateja wauone, akasema, "Mzee, fulu ni wa kukaanga. Rudi nyumbani ule na ugali." Watu wakacheka. Akautupa kwenye pipa la taka.

Na hata kabla ya hapo, dume alipoanza kuwafukuza wenzake, nilipiga simu dukani nikaambiwa niongeze mawe. Niliongeza. Mawe yalimpa dume pango la kulinda. Fulu hawakupata pa kukimbilia katika tangi la ukubwa huo. Niliomba pia, kwenye simu hiyo hiyo, mje mwachukue samaki wenu. Mliahidi. Hakuja mtu.

Narudia yale ya kaunta kwa sababu sitaki yapite. Mhudumu hakuomba risiti. Risiti ilikuwa mkononi mwa binti yangu, aliyesimama kando yangu. Mhudumu aliinua mfuko, akaniambia nikaange, wateja wakacheka, akatupa. Msimamizi wenu alikuwa ameketi pale pale akibonyeza simu, hakuinua kichwa. Ni binti yangu aliyetia mkono pipani akamtoa yule samaki, na hakuna mfanyakazi wenu hata mmoja aliyemwambia pole.

Mwanzoni nilitaka mrudishe pesa zangu na mwachukue mbuna wenu, basi. Sasa haitoshi, maana dume ameshaua fulu wengine nikiwasubiri. Nataka pesa zote, nataka fidia ya kila fulu aliyekufa, na nataka barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na wewe mwenyewe, ukimtaja binti yangu. Na kila tangi dukani libandikwe jina halisi la samaki na tabia yake.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu anachonunua. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku saba, nitafikisha malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kisha Mahakama ya Madai Madogo. Picha ninazo, risiti ninayo, na shahidi wangu yuko tayari kueleza alichokitoa pipani.

Mteja wenu,
Milimani, Kisumu.