Barua ya wazi kwa wahadhiri vijana mnaoingia kwenye kamati

Wanangu, walimu wenzangu,

Wiki mbili zilizopita mmoja wenu alikuja kunitembelea huku Mlandizi. Nilimfundisha shahada ya kwanza. Leo ana uzamivu wake, anafundisha, na idara imemchagua awe mjumbe wake kwenye bodi ya ndaki, yaani kundi la idara kadhaa chini ya mkuu mmoja. Nilimpongeza kwa moyo wote. Akatabasamu kidogo, akanionyesha simu: kabrasha la kikao, kurasa 214, limetumwa saa tatu usiku, na kikao kilikuwa asubuhi yake saa nne. "Mwalimu," akasema, "hizi kamati ni kwenda kugonga mhuri tu. Mambo yanakuwa yameshaamuliwa huko juu. Tunasaini mahudhurio, tunakunywa chai, tunarudi."

Sikumjibu siku ile kama nilivyopaswa. Nilimfungia mihogo na nazi, akaondoka mapema kukwepa foleni ya Kibaha. Usiku sikupata usingizi. Basi nayaandika hapa, yamfikie yeye na ninyi nyote mliochaguliwa mwaka huu.

Anachokisema kipo. Nimekaa kwenye kamati za chuo miaka 26, na mhuri huo nimeuona ukigongwa mara nyingi. Lakini haukuletwa na mtu wa juu. Tuliuchonga wenyewe, kikao baada ya kikao, na mimi nilikuwa mmoja wa wachongaji.

Siku moja, katika chuo ambacho sitakitaja, tuliletewa programu mpya ya shahada. Ililetwa chini ya "Mengineyo", watu wameshaanza kukusanya kalamu. Nakala ziligawiwa tukiwa tumekaa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa walimu, maana huko ndiko programu huonyesha sura yake. Palikuwa na majina manne. Wawili nilijua wako masomoni nje ya nchi. Wa tatu alikuwa anastaafu Juni. Nikafunga lile kabrasha, nikanyamaza. Aliyeileta programu alikuwa rafiki yangu, na maombi yangu ya kupandishwa cheo yalikuwa kwenye kamati nyingine ambayo yeye alikuwa mjumbe. Tuliipitisha kwa dakika kumi na moja, nilitazama saa. Miaka miwili baadaye vijana watatu wa programu ile walisimama mlangoni kwangu kuuliza kwa nini somo lao la lazima halina mwalimu muhula wa pili mfululizo. Mmoja wao baba yake aliuza ng'ombe kulipa ada. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliohudhuria.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 7 ya 2005, na Hati Idhini ya kila chuo zilizotokana nayo (ya Dar es Salaam ni ya 2007), zimegawa kazi. Baraza la Chuo linashika sera, mali na ajira. Seneti inashika taaluma: nani adahiliwe, afundishwe nini, apimwe vipi, atunukiwe shahada gani. Makamu Mkuu wa Chuo anaendesha shughuli za kila siku. Kwenye karatasi Seneti ni kubwa kweli. Lakini Seneti inakutana mara chache kwa mwaka, mbele yake kuna matokeo ya maelfu ya wanafunzi na mitaala ya fani ambazo wajumbe wake wengi hawakuzisomea. Mwanasheria atajuaje kama maabara ya kemia ina vifaa vya kutosha? Anaamini kwamba bodi ya ndaki ilihakiki. Bodi inaamini kwamba kamati ya idara ilihakiki. Sasa kama kamati ya idara nayo iliamini kwamba huko juu watahakiki, ndugu zangu, hakuna aliyehakiki. Shahada imetoka na mhuri wa chuo, na hakuna jicho hata moja lililoisoma.

Ndiyo maana matokeo yakibandikwa huandikwa kuwa ni ya muda hadi Seneti iyapitishe. Wanafunzi wanadhani ni maneno ya desturi tu. Yale maneno yanamaanisha kwamba hakuna mwalimu mmoja, hata awe profesa wa miaka mingapi, mwenye mamlaka ya kumfelisha au kumfaulisha mtu peke yake.

Nawaletea mfano niliouona kwa macho yangu. Kamati ya mitihani ya kitivo, mwezi wa saba, chumba kina joto. Somo moja la mwaka wa pili lilikuwa na watahiniwa 47, walioanguka 31. Pendekezo la mezani likawa kila mmoja aongezewe maksi nane, orodha ipelekwe kwa sababu Seneti inasubiri. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika. Binti mmoja, mhadhiri msaidizi, kikao chake cha pili tangu achaguliwe, akanyosha mkono akaomba vitabu vya majibu viletwe. Watu wakaguna. Ilikuwa inakaribia saa nane na hatujala. Mwenyekiti, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki, akamtuma karani. Vikaja kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Binti akafungua cha juu, akafunua kurasa mojamoja, akasimama. Mwanafunzi alikuwa amejibu swali la nne nyuma kabisa, baada ya kurasa tatu tupu, na kalamu nyekundu haikuwa imefika huko. Kwenye jalada, kisanduku cha swali la nne hakikuwa na kitu. Akafungua cha pili. Cha tatu kilikuwa vilevile. Tulikaa mpaka magharibi. Tulipata 19 vya namna hiyo. Somo lote likasahihishwa upya na mwalimu mwingine, na walioanguka wakabaki 11.

Fikirini zile maksi nane zingefanya nini. Asiyejua kitu angepita, na aliyelijibu vizuri swali la nne angebaki na C wakati B+ ilikuwa yake. Wote wangeondoka wakishukuru. Na hakuna mkubwa yeyote, hata angekuwa na nia njema kiasi gani, ambaye angeweza kuligundua jambo lile akiwa ofisini kwake. Lilihitaji mtu anayejua jinsi kijana anavyojibu mtihani akiwa na hofu, anaruka kurasa, anarudi nyuma. Huyo ni mwalimu. Kiti cha mwalimu kwenye kamati kiliwekwa kwa ajili ya ujuzi wa aina hiyo.

Wenzetu wa Marekani walitoa tamko mwaka 1966, jumuiya ya maprofesa ikishirikiana na vyombo vya wakuu wa vyuo na vya mabaraza yao. Sipendi tuige kila kitu cha huko, lakini kuna jambo mle nililishika. Walisema mitaala, ufundishaji, utafiti na hadhi ya walimu ni wajibu wa walimu kwanza. Walio juu wakitaka kutengua uamuzi wa walimu katika hayo, iwe ni nadra, na sababu zielezwe kwa walimu wenyewe. Hilo la sababu mlishike na ninyi. Uamuzi wenu ukirudishwa, msinung'unike kwenye korido. Ombeni sababu kwa maandishi, ziingie kwenye yatokanayo, yaani ajenda ya mambo yaliyotokana na kikao kilichopita, katika kikao kinachofuata. Nimeona sababu zikiombwa kwa adabu, na nimeona wakubwa wakibadili msimamo walipokaa kuziandika.

Sisi tuna historia yetu, na ilitugharimu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi 14, fani moja ya sheria. Kikawa Chuo Kikuu kamili Julai 1970. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kulalamikia namna chuo kinavyoendeshwa. Akafukuzwa, askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, wakaingia Mlimani, pale chuoni, wanafunzi wakagomea masomo. Mimi nilifika pale miaka ya baadaye, kisa kile kikiwa bado kinasimuliwa mabwenini usiku. Nilichoelewa baada ya kukaa kwenye vikao ni kwamba mtu huandika barua ya wazi pale anapoona hakuna meza ambapo neno lake litaandikwa.

Halafu ukaja 1990. Aprili mwaka ule jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya nchi hii zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi wa tano serikali ikafunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikaja kufunguliwa 1991. Novemba ya mwaka huohuo wa 1990 lilitolewa Azimio la Kampala, nalo likasema vyuo vijiendeshe kidemokrasia, kila mwanajumuiya akishiriki. Ninyi mnapenda kunukuu uhuru. Naomba msome jina la Azimio la Dar es Salaam mpaka mwisho, mfike kwenye neno wajibu. Waliokaa kuliandika walikuwa walimu kama ninyi, wenye mishahara midogo kuliko yenu, na walijua wanachohatarisha. Hawakupigania haki ya kunywa chai.

Sasa, mfanyeje? Kabrasha la saa tatu usiku msilikubali kimya kimya. Kanuni za vikao karibu kila chuo zinataka makabrasha yafike siku kadhaa kabla. Zitafuteni, mzisome, mwombe zifuatwe. Ombi hilo likitoka kwa wajumbe watano haliwi utovu wa nidhamu. Na kama limeshachelewa, anzeni na viambatisho: orodha ya walimu, bajeti, vifaa. Maelezo ya mbele huandikwa kupendeza. Jambo zito likiletwa chini ya Mengineyo, ombeni lisogezwe kikao kijacho. Mtaambiwa ni dharura. Ulizeni ni dharura ya nani.

Muhtasari usomeni neno kwa neno kabla haujathibitishwa. Nimeona "wajumbe walijadili na kukubaliana" mahali ambapo watu wanne walipinga kwa sauti. Ukishasainiwa hivyo, miaka mitano baadaye hakuna aliyepinga. Nyosha mkono, sema kwa upole, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ukurasa wa sita usomeke kwamba wajumbe wanne hawakuafiki, na sababu zao zilikuwa hizi." Katibu hatakuchukia. Wengi wao wanafurahi wakiona kuna mtu anasoma.

Kisha rudini idarani. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu ni rahisi na hatulifanyi. Idara ilikuchagua wewe, ikakutuma, na tangu hapo haijasikia kitu. Kwenye kikao cha idara omba dakika kumi, waeleze kilichoamuliwa na ulichosema wewe, hata kama ulishindwa. Kabla ya kikao kijacho waulize wanataka useme nini. Mjumbe asiyefanya hivyo anawakilisha nafsi yake, na wakubwa wanajua, kwa hiyo neno lake halina uzito.

Mwakilishi wa wanafunzi mtamkuta kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Ajenda ya matokeo ya mtihani ikianza ataombwa atoke, na hiyo ni sawa. Lakini kwenye ratiba, maktaba, mabweni na mitaala, yeye anajua kuliko sisi. Mkaribisheni aseme. Wengi wape, walisema wahenga.

Kuhusu hofu, sitawadanganya. Mnasubiri kupanda cheo, mna mikopo, mna watoto. Anayekaa mbele yako leo huenda kesho akasoma jalada lako. Kama jambo linamgusa rafiki yako au linakugusa wewe, tangaza maslahi yako mwanzoni, utoke chumbani lijadiliwe. Laiti ningefanya hivyo siku ile ya dakika kumi na moja. Na mkimwona mwenzenu amesimama peke yake kwenye hoja ya kweli, msimwache mpaka kwenye maegesho ya magari ndipo mumwambie "ulisema vizuri." Semeni mlemle ndani.

Kwa maamidi na marasi, yaani wakuu wa vitivo na wa ndaki, mtakaoisoma barua hii, nina ombi moja. Mjumbe kijana akiuliza swali linalochelewesha kikao, mpeni nafasi kama mwenyekiti wetu alivyompa yule binti. Yeye leo ni profesa, na bado anafungua vitabu vya majibu.

Ninayo madaftari 19 ya vikao vyangu, tangu kile cha kwanza. Yamo kwenye sanduku la bati, yamewekewa mwarobaini yasiliwe na mchwa. Nimeandika nani alisema nini, tulikosea wapi, na siku nilizonyamaza nimezitia alama pembeni kwa wino mwekundu. Anayetaka kuyasoma aje Jumamosi yoyote. Aje na muda, kwa sababu hayatoki nyumbani.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu,
Mlandizi