Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa kaunti yetu: foleni ya malipo ibandikwe mlangoni

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu. Mimi ni mstaafu. Kwa miaka 23 niliketi katika idara ya hesabu ya baraza la mji, enzi za mabaraza, kabla kaunti hazijaanza mwaka 2013. Sikuandikii kuomba kazi wala kusukuma faili la mtu. Faili moja nitalitaja, lakini jina la mwenyewe sitalitia.

Binti wa dada yangu alisajili kampuni yake ndogo chini ya ule utaratibu wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Mwaka 2021 akapata LPO, yaani hati ya agizo la serikali, ya kupeleka unga, maharagwe na maziwa kwenye jiko la hospitali ya umma. Akapeleka. Stoo ikapokea, ikatia saini. Wagonjwa wakala, wakapona, wakarudi makwao. Yeye mpaka leo anadai shilingi 412,000, na chama kilichomkopesha hakimpigii tena simu ya salamu. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipopita, wakaja wakubwa wapya wakasema madeni ya waliotangulia yahakikiwe kwanza. Yakahakikiwa. Jina lake limo kwenye orodha ya madeni halali. Orodha yenyewe ameiona mara moja tu, kwenye simu ya karani, na akakatazwa kuipiga picha.

Najua jibu litakalokujia upesi, Mheshimiwa: pesa za Nairobi huchelewa. Ni kweli. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi kuondolewa, mgao wa kaunti zote 47 uliokuwa umepitishwa kuwa bilioni 400 ulivutwa na kuvutwa hadi ukaishia bilioni 387.4, na mwaka wa bajeti ulikuwa umeshakwenda miezi. Tena hata zikifika kwenye hazina ya kaunti, hutoki nazo mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, ndivyo Kifungu cha 228 cha Katiba kinavyosema. Shilingi isiyofika sikulaumu kwayo. Ninayoiuliza ni ile iliyofika: nani anatangulia kulipwa, na kwa nini yeye?

Nauliza kwa sababu naijua rafu ya faili. Zamani zile tulizipanga asubuhi kwa tarehe ya ankara, ya zamani zaidi juu. Kufika saa nane mchana mpango ulikuwa umeshabadilika. Simu imelia, au mkubwa amepita akaweka kidole: "Hili lianze." Nami nililianzisha. Sikupewa hata chai, Mheshimiwa, niliogopa tu. Mwenye faili lililosukumwa chini hakujua, na hakuwa na namna ya kujua. Akija dirishani tulimwambia "bado linashughulikiwa", na hatukusema uongo.

Ilipokuja IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, wengi tuliamini mashine itatuondolea aibu hiyo. Mashine inaandika nani aliingiza nini na saa ngapi, hilo nalikubali. Lakini ankara ipi iingizwe leo na ipi ingoje mwezi ujao, bado ni mtu anayeamua, na wiki ya mwisho ya Juni, mfumo unapolala na kuamka, uamuzi huo una thamani kuliko mshahara wake.

Hapa nikuombe uvumilie somo la karani mzee, maana nimegundua hata wawakilishi wetu wa wadi hawalijui. Hesabu za serikali zetu kwa miaka mingi zimeandikwa kwa fedha taslimu. Matumizi yanaingia kitabuni siku pesa inapotoka, si siku maharagwe yanapopokelewa. Kwa hivyo ankara iliyolala kwenye droo usiku wa tarehe 30 Juni haimo kwenye matumizi ya mwaka ule. Tarehe 1 Julai bajeti mpya inaanza uso mkavu, na pesa za kumlipa yule wa maharagwe zimeshapangiwa barabara mpya ambayo mheshimiwa fulani ataikatia utepe. Mwaka unaofuata ni barabara ile ile inayogeuka kuwa deni. Hapo si lazima awepo mwizi. Deni hukua lenyewe, kama kutu.

Ndivyo tulivyofika mwisho wa Juni 2023 kaunti zikiwa na madeni yaliyopita shilingi bilioni 150, zaidi ya nusu yakiwa ya Nairobi peke yake. Serikali kuu nayo haina la kujivunia: ilibidi iunde kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuchambua ankara za tangu 2005 hadi 2022. Mtoto aliyezaliwa mwaka ankara ya kwanza ilipoandikwa alikuwa ameshafikia umri wa kitambulisho kamati ilipoanza kazi. Kabla ya hapo, Madaraka Dei ya 2019, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri hadharani kwamba madeni yasiyo na dosari yalipwe kabla ya mwezi ule kuisha. Mwezi uliisha.

Sasa tunaambiwa dawa ni kubadili daftari. Tangu Julai 2024 nchi imeanza safari ya kuhamia hesabu zinazoandika deni siku linapozaliwa, safari iliyopangiwa miaka mitatu. Naiunga mkono kwa moyo wote, ningali kazini ningeifurahia. Lakini Tanzania waliianza njia hiyo mwaka 2012, na wazabuni wao hawajaacha kupanga foleni. Daftari jipya litatuonyesha deni ni kubwa kiasi gani. Halitasema nani alirukwa.

Ninalokuomba ni dogo, na halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini Naivasha. Lilifanyika kwa majirani zetu Uganda. Kati ya 1991 na 1995 serikali yao ilikuwa ikituma pesa za matumizi ya shule za msingi, na watafiti walipozifuata hadi shuleni wakakuta kwa wastani asilimia 13 tu ndizo zilizofika. Nyingine zilibaki wilayani. Wizara ikaanza kutangaza magazetini kila wilaya imetumiwa kiasi gani mwezi ule, kisha shule zikatakiwa zibandike kwenye kuta zao walichopokea. Kufika 2001 kilichofika kilikuwa kimevuka asilimia 80. Wachumi wamebishana ni kiasi gani gazeti lilisaidia na kiasi gani ni mageuzi mengine yaliyokuja pamoja nalo, na wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi namfikiria mwalimu mkuu aliyesimama mbele ya afisa wa wilaya akiwa na kipande cha gazeti mkononi. Huyo huwezi kumwambia "bado linashughulikiwa".

Sisi tuna tovuti ya zabuni, na kuna amri ya Rais ya 2018 inayotaka kila zabuni iliyotolewa itangazwe. Inatuonyesha nani kapewa kazi. Nani kalipwa, na lini, hatuonyeshwi. Ni kama kutangaziwa posa tu, ndoa ikafungwa usiku.

Basi tangaza foleni yenyewe. Kila mwezi, karatasi moja au kumi, kwenye mlango wa ofisi ya kila wadi na kwenye lango la hospitali: jina la kampuni, kazi iliyofanywa, tarehe ankara ilipopokelewa, kiasi, na meza ambayo faili limekaa. Zipangwe kwa tarehe. Ikibidi kumtanguliza mtu, na najua wakati mwingine inabidi, dawa za hospitali haziwezi kungoja nyuma ya viti vya ukumbi, basi sababu iandikwe kando ya jina lake na aliyeamua atie saini. Karani wako atakushukuru kuliko wote. Siku mkubwa akipita na kidole chake, atakuwa na mahali pa kumwonyesha.

Utaambiwa ni siri ya wafanyabiashara. Muulize mwanasheria wako kuhusu Kifungu cha 35 cha Katiba, cha haki ya raia kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kabla hujakubali.

Binti yetu aliniletea juzi tangazo la zabuni ya mwaka mpya wa bajeti, ya jiko lile lile la hospitali, akaniuliza, "Mjomba, nijaze?" Fomu ziko juu ya meza yangu. Nimemwambia angoje jibu lako.

Wako,
Karani mstaafu, kutoka wadi ambayo mlango wa ofisi yake una nafasi ya kutosha