Kampuni kubwa zijenge jukwaa moja la kupimia programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wateja wengi wa Kanda ya Ziwa, ingawa hawalioni kwa kuwa linafanyika nyuma ya dirisha la huduma. Mimi ni mpimaji wa programu za kompyuta hapa Mwanza. Kwa ninavyoona kazini, usumbufu mwingi ambao mteja huambiwa kwamba "mtandao unasumbua" hautokani na mtandao hata kidogo. Unatokana na vitengo vya kampuni moja kupima mifumo yao kila kimoja kivyake, kwa data zake na kwa utaratibu wake, kisha mifumo hiyo ikakutana kwa mara ya kwanza mbele ya mteja.

Kampuni moja kubwa ya usafirishaji, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kitengo cha malipo Dar es Salaam na kitengo cha mizigo hapa Mwanza. Watu wa mizigo hawakuwa na njia ya kuufikia mfumo wa malipo wakati wa majaribio, kwa hiyo walijitengenezea programu ndogo ya kuuigiza, iliyojibu kama wenyewe ulivyokuwa ukijibu wakati huo. Baadaye wenzao wa malipo waliirefusha namba ya risiti kwa tarakimu mbili, wakapima kwao na wakaridhika. Watu wa mizigo nao walipima toleo lao jipya kwa kutumia ile programu ya kuigiza, ambayo bado ilikuwa ikitoa namba fupi, na majaribio yote yakapita. Matoleo yote mawili yalipoanza kutumika, mfumo wa mizigo ukawa unazikata zile tarakimu mbili za mwisho, na kila risiti iliyotafutwa haikuonekana. Wafanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba, wenye meseji ya malipo mkononi na pesa zimeshakatwa kwenye simu, waliambiwa mzigo haujalipiwa, na magunia yao yakabaki nje huku mvua ikinyesha. Dagaa mkavu akilowa ni hasara ya siku hiyo hiyo. Vitengo vyote viwili vilikuwa na ripoti zinazoonyesha kuwa majaribio yamefaulu, na ripoti zote mbili zilikuwa za kweli.

Jukwaa la pamoja ninaloliombea lingeyazuia hayo. Ni mahali pamoja ambapo matoleo ya sasa ya mifumo ya vitengo vyote yamewekwa na kuunganishwa kama yanavyounganishwa kazini, ili mtaalamu wa malipo akibadilisha msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, majaribio ya malipo, ya mizigo na ya stoo yaanze yenyewe, na matokeo yaonekane kwa kila kitengo. Siku ile namba ya risiti iliporefushwa, aliyeirefusha angeona kabla ya kutoka ofisini kwamba amewaharibia wenzake.

Uingereza walilipia somo la namna hii kwa gharama kubwa. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ilihamishia akaunti za wateja wake kwenye mfumo mpya, na wengi wao wakashindwa kuzifikia fedha zao. Uchunguzi huru uliochapishwa mwaka uliofuata ulieleza kwamba mfumo huo ulitegemea vituo viwili vya data, lakini majaribio ya kuona kama ungehimili wingi wa wateja yalifanywa katika kituo kimoja tu. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Kwetu huku jukwaa hilo lazima lipime pia mambo ambayo ofisi yenye intaneti ya kasi haiyaoni. Mteja wa Ukerewe au Kome mara nyingi ana kiswaswadu na anatumia menyu za nyota na reli, ambazo hujifunga akichelewa kujibu. Jukwaa liweze kuupunguza mtandao kasi kwa makusudi na kuukata katikati ya malipo, ili tujue mapema: mteja asiyepata jibu akibonyeza tena, atakatwa mara mbili? Ni swali ambalo nimewahi kuliuliza katika kikao na likakosa mwenye jibu, kwa sababu kila kitengo kilidhani linakihusu kitengo kingine.

Data za majaribio nazo zitengenezwe hapo, mara moja kwa ajili ya wote. Bado kuna ofisi zinazonakili majina na namba za simu za wateja halisi na kuzimwaga kwenye kompyuta za majaribio, ilhali tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Najua wakurugenzi watauliza gharama. Zana nyingi ni za bure. Selenium, inayotumika kujaribu tovuti bila mtu kubonyeza, imekuwapo tangu 2004 na haiuzwi. Gharama kubwa ni watu. Inahitajika timu ndogo ya kudumu, ambayo kazi yake ni kulitunza jukwaa, wala si kuwaandikia wengine majaribio, kwa kuwa anayeijua kazi ya mizigo ni mtu wa mizigo. Timu hiyo iwe pia na mamlaka ya kuliondoa jaribio linalofaulu leo na kufeli kesho bila msimbo kubadilika, hadi litakaporekebishwa, maana majaribio ya aina hiyo yakizidi wataalamu huacha kuyaamini hata yale yanayosema kweli.

Fedha za timu hiyo zitengwe katika bajeti ya kila mwaka, zisifungwe kwenye mradi mmoja, kwa sababu mradi ukiisha watu hutawanyika na seva hubaki zinawaka bila wa kuzihuisha. Na kampuni isiyoweza kuviunganisha vitengo vyote kwa mkupuo ianze na viwili vinavyopokezana taarifa za fedha za wateja.

Wako,
Mpimaji wa programu,
Nyegezi, Mwanza